Mlinganyo Uliojiwekea Saa Yake

Siku ile naikumbuka bado, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka chuo kikuu najiona najua kila kitu, nikaajiriwa katika mradi mdogo wa maji kule Manga. Tangi letu lilijazwa na chemchemi. Kamati ilitaka kuvuta bomba hadi kwenye zahanati ambako akina mama hujifungua, lakini kwanza ijue kama tangi lingestahimili kiangazi.

Nikaandika programu yenye sehemu mbili. Ya kwanza ni mlinganyo: ukiupa siku na kimo cha maji, unakujibu kimo kinapanda au kinashuka kwa kasi gani. Ya pili ni kikokotozi, kinachouliza mlinganyo swali hilo tena na tena, kikisogea hatua kwa hatua hadi mwaka mzima utimie. Kazi ya mlinganyo ni kujibu tu kulingana na ulichopewa. Mimi, kwa uvivu, nikauwekea saa yake ndani: kila ukiulizwa, unahesabu kwamba siku moja imepita. Mwanzoni hakikuharibika kitu, kwa kuwa kikokotozi kiliuliza mara moja kwa siku. Baadaye nikakibadilisha, nikaweka kilicho bora zaidi, kinachouliza mara nne kabla ya kupiga hatua ya siku moja. Ile saa sikuikumbuka. Kwa hiyo ndani ya kompyuta yangu kiangazi kilikimbia kwa kasi mara nne, kikaisha mapema, na tangi halikukauka.

Dada Achieng', mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, ndiye aliyepima maji yale kila asubuhi. Alipouona mchoro wangu, aliweka kidole juu yake.

"Moraa, mbona hapa maji yanapanda kabla ya Krismasi? Mwaka jana nilipima yakishuka hadi Februari."

"Huku kwetu mvua hainyeshi kwa kalenda, dada. Wewe pima maji, hesabu niachie."

"Sawa. Lakini hiyo mvua yako inatoka wapi? Angalia tena."

Sikuangalia. Kwenye kikao cha kamati mwenyekiti aliuliza amwamini nani, nami nikasimama mbele ya watu nikasema vipimo vya Achieng' si vya kuaminika. Juma hilohilo aliachishwa kazi.

Bomba likavutwa. Januari tangi likakauka, na wajawazito wakaambiwa waje na maji yao. Niliwaona wakipanda kilima cha zahanati, mitungi mkononi. Ndipo nikafungua programu, nikaikuta ile saa. Kuirekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai: niliifuta, nikauacha mlinganyo upokee siku kutoka kwa kikokotozi. Kisha nikaiambia kamati kwamba hali ya hewa ilibadilika. Jina la Achieng' sikulisafisha.

Miaka ikapita kabla sijapata ujasiri wa kwenda kwao. Binti yake alinikaribisha vizuri, akaniambia mama alizikwa mwaka uliotangulia. Nilipomweleza yote, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama alitaka mtu mmoja tu aseme alipima sawasawa," akasema. "Wewe ungekuja mapema, akiwa hai."

Mwanangu, wewe sasa unaandika programu kubwa kuliko zangu. Mlinganyo wako ujibu kwa kile ulichopewa tu, usifiche kumbukumbu ndani yake, maana hujui utaulizwa mara ngapi. Na mtu aliyeshika kipimo mkononi akikwambia jibu lako halifanani na alichokiona, simama uangalie. Ukikuta kosa ni lako, liseme siku hiyohiyo, mbele ya walewale uliowadanganya, uliyemkosea angali yupo akusikie.

Mungu akupe kazi safi na moyo mwepesi wa kuomba msamaha. Akuepushe na kufika mlangoni kwa mtu umechelewa, kama nilivyofika mimi.