Mgongo Tulioupeleka Nakuru

Wengi wenu hapa Keringet mmesikia kwamba nilimsindikiza mzee Koros hadi Nakuru kutafutiwa dawa ya mgongo. Mgongo wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wangu. Mimi huandika polepole, kwa hiyo mnivumilie, nitaisimulia safari jinsi ilivyokwenda.

Mnanijua kama mpakiaji wa viazi. Msimu uliopita niliteleza nikiwa na gunia la lumbesa begani, lile linalojazwa mpaka linashonewa kilemba juu. Tangu siku hiyo kitu kama moto kimekuwa kikishuka kutoka kiunoni, nyuma ya paja, hadi kidole gumba cha mguu. Nilimeza tembe za dukani mpaka tumbo nalo likaanza kuwaka. Kwenye zahanati yetu nikapewa tembe zilezile, kwa sababu kila nilipoulizwa nilijibu, "Ni kidogo tu." Mkaanza kusema nimekuwa mvivu. Mimi nikaona afadhali uvivu.

Mama ndiye aliyeamua. Alimwendea mzee Koros, aliyekuwa mlezi wangu wakati wa tohara, akamwomba anipeleke kwa daktari wa hospitali kubwa. Mambo ya huko porini hayasimuliwi. Lakini mnajua kwamba siku ile wanaume huutazama uso wa kijana. Uso wangu haukutikisika, na aliyesimama nyuma yangu alikuwa mzee Koros. Sasa ndiye angekaa kando yangu nikiulizwa panauma wapi. Nisingesema, ningerudi na tembe zilezile. Ningesema, angesikia.

Alfajiri tulilikuta lori la viazi la Maina likinguruma kando ya barabara.

"Kibet, umerudi kazini?" Maina akaniuliza.

"Hapana. Nasindikiza mzee."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Mzee Koros alikuwa ameshika mlango wa lori. Alinitazama kidogo tu.

"Pole mzee. Ni nini inasumbua?"

"Mgongo," mzee Koros akasema, akapanda.

Hadi Molo ukungu haukutuacha. Barabara ile mnaijua, na kila shimo lilinipanda mguuni mpaka nikauma ukosi wa koti. Maina alikuwa akipunguza mwendo na kuomba radhi. "Nisikuumize, mzee." Mzee Koros naye akawa anaitikia, "Polepole, Maina. Hiyo shimo ingine pia, polepole." Mimi niliyekuwa nikiumia niliangalia mbele, nikifaidi huruma isiyokuwa yangu.

Njoro tulisimama kwa chai. Wao walishuka. Mimi nilijaribu kuteremsha mguu, ukakataa, nikasema sina kiu.

"Huyu anaogopa kukojoa njiani," Maina akasema, na watu wa kibandani wakacheka.

Mzee Koros alinywa yake amesimama. Kisha akaja na kikombe kingine, akanipa dirishani, akageuka kuangalia magari mpaka nikamaliza.

Nakuru tuliingia jua likiwa limeshapanda, ziwa likimeta upande wa chini wa mji. Lori liliingia sokoni, na wapakiaji wanaonijua wakaniona.

"Kibet wa Keringet! Kuja uonyeshe hawa watoto wa mjini vile lumbesa inabebwa."

Nilicheka, nikatembea haraka ili wasione ninavyoburuta mguu. Tulipopiga kona nilishika mlingoti wa stima, jasho likinitoka. Hapo palikuwa pamebandikwa tangazo. Mzee Koros, ambaye hakusoma hata darasa moja, akasimama akalitazama tangazo lile kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. Nilipoachilia mlingoti, naye akamaliza kusoma.

Hospitalini tulikalishwa kwenye benchi pamoja na mama mmoja, mathe kutoka Gilgil, aliyesema goti lake limemtesa tangu mvua za mwaka jana.

"Ni nani mgonjwa kati yenu?" akauliza.

Mzee Koros akajishika kiuno.

"Basi mzee, nikuambie," mathe akasema. "Huyo daktari ni mzuri, lakini usiende kujikaza huko ndani. Mimi mara ya kwanza nilisema ni kidogo, nikapewa dawa kidogo. Nilirudi nyumbani nikalia wiki nzima."

"Nimesikia, mama," mzee Koros akajibu. Kisha akanigeukia. "Wewe pia umesikia?"

Likaitwa jina langu. Niliinuka kwa kushika ukuta, na mathe akaona. Alisogeza mkoba wake ili nipite.

Ndani, daktari alikuwa mwanamke ambaye hakunizidi umri kwa mengi. Muuguzi alikuwa amesema jamaa wa mgonjwa aingie pia, na mimi sikuweza kumwomba mzee abaki nje, kwa maana kumwomba hivyo kungekuwa kumwambia kila kitu. Daktari aliuinua mguu wangu, akanigonga chini ya goti kwa nyundo ndogo, kisha akanipa kadi yenye nyuso zilizochorwa. Wa kwanza ulikuwa unacheka. Wa mwisho ulikuwa unatoa machozi.

"Nionyeshe maumivu yako ni ya uso gani."

Niligusa ule wa pili.

Daktari akaanza kuandika. Nilijua anaandika nini.

"Daktari," mzee Koros akasema, "hata mimi niulize."

Akaichukua kadi, akaweka kidole kwenye uso wa machozi. "Mgongo wangu uko hapa. Unaanza kiunoni, unashuka kama moto mpaka kidole cha mguu. Asubuhi nimeuma koti njia yote. Njoro nimeshindwa kushuka kwa gari kunywa chai. Mama yangu ananisikia usiku."

Mama yake mzee Koros tulimzika nikiwa mtoto.

Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi. Hakucheka. "Mzee, nimekuelewa," akasema. "Lakini dawa ya mgongo wako siwezi kumwandikia huyu. Lazima mwenyewe anionyeshe."

Mzee Koros alinirudishia kadi. Akasimama, akaenda dirishani, akatupa kisogo. "Naangalia kama lori ya Maina imefika," akasema, na dirisha lile lilitazama ukuta.

Niliweka kidole changu pale alipokuwa ameweka chake. Nilitaka kusema pia, lakini uso wangu ukawa tayari umefanana na ule wa kwenye kadi.

Daktari alichana alichoandika, akaandika upya. Alieleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni, na dawa yake si ile ya kuumwa na kichwa. Nianze na tembe moja jioni, itanilewesha usingizi kidogo, niongeze pale tu atakaponiambia, wala nisiache ghafla kwa kuwa nimepata nafuu. Tembe za dukani niachane nazo. Magunia pia.

Jioni tulirudi na lori likiwa tupu.

"Mzee, mgongo umepata dawa?" Maina akauliza.

"Umepata," mzee Koros akasema, na mfuko wa dawa ulikuwa mapajani mwangu.

Njoro nilimnyooshea mzee mkono anishushe. Alinishusha. Tukanywa chai, na hatukuzungumza juu ya kadi, wala hatujazungumza mpaka leo.

Moto haujazimika wote, lakini sasa ninalala, na ninaweza kuinama kufunga viatu. Nilichojifunza ni kifupi. Dawa nzuri ilikuwepo muda wote, ila haikuweza kunifikia nikiwa nimeuficha uso. Na aibu niliyoikwepa haikupotea njiani. Kuna mtu aliyeibeba.

Maina aliwaambia ninyi, nanyi mmekuwa mkimpa mzee pole kila mahali. Jumapili iliyopita kanisani mlimtolea kile kiti kimoja cha kuegemea. Alikikataa, mkamlazimisha, akakaa akiniangalia, nami nilisimama kando ya ukuta mguu ukiniwaka, na sikufungua mdomo.

Mgongo wa mzee Koros ni mzima. Jumapili inayokuja mwacheni akae kwenye benchi na wenzake. Kiti kile nipeni mimi.