Posta ya Lydie mu Conteneur

Lydie ni mupangaji wetu hapa Kampemba. Alisoma ku université ya Kasapa, sasa banamujaribu kazi ku depo moja ya dawa. Kupika bukari, ugali yetu, hajue. Bibi yangu wa ndoa, Marie-Thérèse, alikuwa anamutukana kila mangaribi, kisha anamupa sahani. Alikuwa anapa kila muntu. Avenue yote ilimuita Ma Sahani.

Bibi alikufa mwezi wa tatu. Sasa Lydie njo anapika.

Siku ya ine asubui nilimukuta mu kiwanja, ordinateur ku magoti, macho nyekundu.

— Papa Numbi, saa sita patron anakuya kuona. Kama haitembee, kazi hanipe.

— Nini haitembee?

— Broker, programu ya ordinateur. Iko sawa posta: farmasi zinatuma commande ya dawa, yeye anazigawa. Niliiweka mu conteneur.

— Ku wagon gani?

— Papa!

Mi nilipakia conteneur ku reli miaka makumi tatu. Yake haina hata chuma, iko mu serveur, ordinateur kubwa ya kazi.

— Farmasi inagonga, broker anaitika, Lydie akasema. Anaipa adresse: kuya tusemee pale. Farmasi inaenda, inapotea. Na mulango iko wazi!

— Adresse gani?

Akasoma. Jina moja tu.

— Nani anajua ile jina?

— Benzake ba mu conteneur.

— Basi ni sawa bandugu ya bibi.

Ku kilio, shemeji Stanislas aliambia bandugu ba mbali, ba Mitwaba: mushuke Kampemba, muulize kwa Ma Sahani. Kule balishuka, mbali na avenue yetu, hakuna mwenye kujua ile jina. Baliona bâche, turubai ya kilio, bakaingia na kulia. Nani anauliza muntu mwenye kulia? Balilia mufundi wa viatu siku mbili. Shangazi mukubwa alijiangusha ku sanduku. Bakakula vizuri kupita kwetu. Marie-Thérèse tulimuzika bila bale bandugu.

Lydie akacheka, kisha akarudia ku ordinateur. Akaandika adresse mbili: ile jina kwa ba mu ndani, namba ya serveur kwa ba inje. Akazima broker, akaiwasha tena. Commande ya kwanza ikaingia: sindano makumi ine.

Saa sita patron aliona. Kazi akapata.

Mangaribi akarudia na rangi. Akaandika ku mulango yetu jina ya avenue na namba ya nyumba. Chini akaongeza: Kwa Ma Sahani.

— Ile ya chini ni ya ba mu ndani, akasema.

Bukari yake ilikuwa na mabonge. Nikamutukana vizuri, kisha nikamaliza sahani.