Vikombe vya Marhoon na Pomboo wa Sidab

Saa kumi na mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya majabali ya Sidab, jirani na Maskati, na Marhoon bin Amur ameshaisukuma mashua mpaka maji yamemfika kiunoni. Ni pande la mtu. Kila akiegemea, mashua inalala upande, na Bakhit, mpiga makasia, anamwomba asiizamishe kabla wageni hawajapanda.

Wageni leo ni watatu. Wawili ni mhandisi wa Kizungu wa kampuni ya mafuta na mkewe. Wa tatu ni Bi Kheiria, mke wa Marhoon mwenyewe, ambaye kwa miaka minne hajapata kutia mguu humu.

Kaja kwa sababu moja. Amemtafutia mumewe kazi ya utarishi katika serikali hii mpya iliyoingia mwaka huu wa 1970, riali ishirini na tano kwa mwezi, kuanzia Jumamosi. Marhoon kamwomba jambo moja tu: kwanza akaone kile anachomtaka akiache. Wamekubaliana. Pomboo wakitokea, watazungumza. Wasipotokea, Jumamosi saa mbili atakuwa ofisini, kavaa viatu.

"Kazi gani hii, kuwaonesha watu samaki wanaokula samaki," anasema Bi Kheiria, akijitengeneza mtandio. "Mimi nikitaka kuona samaki analiwa, nnakutazama weye mezani."

Mtu asiye na wa kumgombeza nyumbani huyasikia maneno hayo akayaona nyimbo. Marhoon anacheka tu.

Unguja alikuwa muuza kahawa. Mwaka 1964, mambo yalipochafuka kule, akaja Maskati na mke, mtoto mchanga na vikombe sita vya kahawa. Hapa hakupokewa kwa ngoma. Milango ya mji ilikuwa ikifungwa saa tatu usiku, ukitembea baada ya hapo sharti uwe na taa mkononi, na kila jambo kwa ruhusa. Wakubwa walikuwa na funguo zote na hawakuwa na haraka. Wako watu wetu tuliowazika kwa kungoja mlango ufunguliwe.

Mwaka 1966 alikuwa akiwauzia kahawa wavuvi wa Sidab. Asubuhi moja, akiwa mashuani na Bakhit, akaona pomboo wakiwazunguka dagaa mpaka dagaa wakawa kama tonge, kisha wakaingia kula kwa zamu. Hakulala siku ile kwa kusimulia. Mtu wa kampuni ya mafuta akaomba apelekwe, akarudi na rafiki zake, wakawa wanatoa wanachojaaliwa. Kazi ikawa hiyo.

Haukupita mwezi, akaitwa na wakubwa. Mwenyewe husimulia:

"Wakanambia, Wazungu unawapeleka baharini kufanya nini? Nikasema kutazama. Kutazama nini? Samaki. Halafu mnawavua? Hatuwavui. Wakatazamana. Wakajua nnawadanganya, maana nani anamfuata samaki baharini kisha akamwacha?"

Siku tisa walimkalisha kwenye benchi. Ya kumi wakampa barua, anayo mpaka leo ndani ya mfuko wa nailoni. Inasema anaruhusiwa kutazama samaki, bila ya kuwagusa.

Mashua iko mbali na pwani sasa. Mke wa mhandisi anasimulia, na Marhoon anafasiri kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Kwao, anasema, aliwahi kusafiri siku mbili kwenda kuwatazama dubu. Wanasimama kwenye maporomoko ya mto, midomo wazi, na samaki wakiruka wanawadaka.

"Dubu hata sisi tunaye," anasema Bakhit, akimwelekezea Marhoon kasia. "Tatizo mto."

Saa nzima inapita. Bahari tupu. Bi Kheiria anauliza kama vile viatu vya harusi ya Muhsina, binti wa jirani, bado vinamtosha mumewe. Marhoon anajifuta jasho.

Anatoa vikombe viwili mfukoni, anavigonganisha polepole, kama alivyokuwa akiwaita wanywaji kahawa Darajani, kule Unguja. Mhandisi, ambaye tangu pwani alikuwa akiieleza kamera yake, ananyamaza. Bakhit anainua makasia. Hata Bi Kheiria amenyamaza.

Katika kimya kile inasikika pumzi. Kisha nyingine. Shakwe wanaanza kujitupa kutoka juu, na maji yanachemka. Pomboo hao, thelathini, arubaini, wanazunguka. Mmoja anapiga mkia, dagaa wanaruka kama mchele unaopepetwa kwenye ungo, wanaangukia mashuani, wanajaa mapajani mwa Bi Kheiria.

Anasimama, mashua inayumba, mtandio umemdondokea mabegani na hana habari. Anacheka mpaka machozi.

"Yule mdogo hajala," anawaambia pomboo. "Mpisheni naye ale."

"Shemegi," anasema Bakhit, "barua inasema tusiguse."

"Wamenigusa wao."

Njiani kurudi Bi Kheiria anataka kujua vikombe vinawaitaje. Marhoon anamwambia ukweli ambao hata Bakhit hakuujua. "Pomboo hawaitiki. Nnawanyamazisha watu. Mtu akisikia vikombe hunyamaza, akidhani kahawa inakuja. Akinyamaza, ndipo anawasikia."

Jumamosi ofisini alikwenda Ishaq, mdogo wake Bi Kheiria, ambaye ni mwembamba na viatu anavyo.

Sasa mpango ni Alhamisi. Mashua itakuwa ya wanawake, na mwongozaji Bi Kheiria mwenyewe. Wanawake wa Maskati, anasema, wamezeekea madirishani wakiitazama bahari, nayo iko hapo chini. Majirani saba wameshajiandikisha. Ruhusa mpya bado. Wakubwa wa leo wanasema kila kitu kimefunguliwa, tumeshaambiwa mengi.

"Nikawaombe nini?" anauliza Bi Kheiria. "Pomboo kamwomba nani?"

Anatia vikombe viwili kikapuni, anakifunga kila kimoja kwa kitambaa, visije vikagongana njiani, mtaa mzima ukanyamaza bure.