Mapigo Niliyoyafuta

Kosa nililolifanya mapema kabisa ni kuamini kwamba kila pigo la moyo lililokwenda kombo lilikuwa uchafu wa kipimo. Niliandika programu ya kulifuta. Kwa karibu miezi minne programu hiyo ilifuta ugonjwa wangu mwenyewe, nami nikaendelea kuiboresha.

Nina miaka ishirini na tano. Naishi Tabora mjini kwa dada yangu, Kabula, na kazi yangu ni kutengeneza simu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Ufundi sikuusomea chuoni. Nilijifunza kwa kufungua vitu vibovu na kusoma kwenye simu. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikikaza skrubu, naifungua tena kuhakikisha nimeikaza. Kabla ya kuugua hilo ndilo lililokuwa tatizo langu kubwa, na wateja walilipenda.

Mwaka juzi nilianza kutengeneza saa ya mkononi ya kupima mapigo ya moyo. Chini yake kuna taa ndogo ya kijani inayomulika ngozi. Moyo ukipiga, damu inajaa kwenye mishipa na kumeza sehemu ya mwanga. Damu ikipungua, mwanga mwingi zaidi unarudi. Kihisi kinapima mwanga unaorudi, programu inahesabu. Shida ni usahihi. Mkanda ukilegea, hesabu inaharibika. Mkono ukitikisika, inaharibika. Taa niliyoanza nayo ilikuwa hafifu kwa ngozi nyeusi kama yangu, nikaiongezea nguvu. Kila nilichorekebisha kilinifanya nitamani kurekebisha kingine.

Nyumbani kwetu ni Usoke, na tunalima tumbaku. Msimu wa kuchuma nilikwenda kumsaidia Mama, nikiwa na saa mkononi. Aliyechuma tumbaku anaujua utomvu wake: unanata mpaka kwenye viwiko, unageuka mweusi, na sabuni haiutoi kwa siku moja. Uliingia chini ya saa, ukaziba taa, na namba zikaanza kurukaruka. Nikamvalisha Mama saa ile, zikaruka vilevile. Nikamsugua mkono kwa majivu, zikatulia. Nikaamua kwamba kuruka kwa namba ni utomvu. Ndipo nilipoandika ile programu: pigo lolote litakalowahi mno au kuchelewa mno kuliko yaliyotangulia, litupwe.

Ninaona aibu kuliandika hili, lakini mkono wangu mwenyewe sikuusugua nikalinganisha.

Mwezi uleule mwili ulianza kubadilika. Nilisikia kizunguzungu na kichefuchefu. Moyo ulipiga mara tatu haraka, ukasita, kisha ukabamiza. Usoke hakuna anayeshangaa jambo hilo. Ukichuma majani mabichi yenye umande, tumbaku inakulevya.

"Imekulevya hiyo," Mama aliniambia. "Umekaa mjini sana, ngozi imekuwa ya kizungu. Kanywe maziwa."

Nilikunywa maziwa. Nilirudi mjini na hali ikarudi nami. Nilikwenda chooni mara nne au tano kwa siku. Nilitoka jasho asubuhi ya baridi. Vidole vilitetemeka mpaka nikashindwa kuunganisha waya. Na nilikula kuliko nilivyowahi kula.

"We Masanja," Kabula alisema siku moja, "ugali wa watu watatu unaupeleka wapi? Suruali umeifunga kwa kamba."

"Kazi nyingi, dada."

"Kazi gani ya kukaa kitini?"

Kila hofu iliponishika niliitazama saa. Ilionyesha themanini na nne. Kwa kuwa niliitengeneza mwenyewe kwa uangalifu, niliona anayekosea ni mimi na siyo saa.

Nilipokwenda tena Usoke ilikuwa kushusha tumbaku iliyokauka kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia. Nilipanda ngazi, nikashika ufito wa majani, na mapaja yakalegea kabisa. Nilianguka chali. Nilipopata fahamu, kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Mama.

"Tumbaku tena," nilimwambia.

"Acha ujinga," alisema. "Haya majani makavu. Tumbaku kavu haimlevyi mtu kwa kuishika. Wewe unaumwa, mwanangu."

Kesho yake alinipeleka hospitali mjini. Kabla ya safari nilisugua mikono kwa majivu mpaka ikawasha, nikavaa saa. Nilitaka vipimo vyangu vionekane vizuri.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima. Nilimwamkia, akaniuliza natoka wapi.

"Usoke, sista."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Basi leo nimepata mtani! Mimi Mzaramo. Babu zako walifika kwetu pwani na pembe za ndovu mabegani, wewe umefika unabebwa na mama yako. Huoni haya?"

Mama akacheka. Muuguzi akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa ya ukutani dakika nzima. Nilimwambia asijisumbue, saa yangu tayari ina jibu. Nikamweleza taa, damu na programu. Maelezo yalikuwa marefu.

"Umemaliza?" aliuliza. "Mtani, hiyo saa inakusifia tu. Mimi nimepata mia moja na kumi na mbili, tena hayana mpangilio."

"Labda kuna utomvu."

"Utomvu uko wapi? Mkono msafi kuliko wa bwana harusi. Sikiliza. Ukifa, mimi mtani ndiye nitakayekuja kulala kaburini mwako nizuie maziko mpaka nipewe chakula. Usoke mbali, mimi nina miguu mibovu. Vua hiyo saa."

Hakuna mtu mwingine ambaye ningemruhusu kuisema saa yangu hivyo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zamani, na mtani hakasirikiwi. Niliivua.

Akamwita daktari. Daktari akasikiliza kifua huku muuguzi akihesabu mkononi, dakika ileile. Kifuani yalikuwa mia moja arobaini na nane, mkononi mia moja na kumi. Daktari alisema mapigo mengine yalikuwa dhaifu mno kufika mkononi. Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikatetemeka. Akaniambia nimeze mate huku akinitazama shingo.

"Moyo umekosa mpangilio," alisema, "lakini nadhani chanzo kiko hapa shingoni. Tezi yako inafanya kazi kupita kiasi."

Kipimo cha umeme wa moyo kilithibitisha la kwanza, cha damu kikathibitisha la pili.

Nikiwa wodini nilifungua kumbukumbu ya saa, yale mapigo yote kabla hayajachujwa. Nilitafuta siku ya kwanza yenye fujo. Ilikuwa siku nikiwa mjini, natengeneza kioo cha simu, wiki mbili kabla sijagusa jani lolote la tumbaku. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Nililia, na sikujificha.

Nilipewa vidonge vya kutuliza tezi, vya kupunguza kasi ya moyo na vya kuzuia damu isigande. Nilionywa kwamba nikipata homa au koo likiuma nirudi haraka nipimwe damu, kwa sababu dawa ya tezi inaweza kupunguza kinga. Niliwahi kurudi mara moja, ilikuwa mafua. Choo kilitulia kwanza, kisha jasho, mwisho vidole. Mwezi wa tano wa matibabu moyo ulikuwa umerudi kwenye mpangilio.

Namshukuru Mungu, Mama aliyejua tumbaku kuliko mimi, Kabula, na mtani wangu. Kwa anayesoma: ukikonda huku unakula sana, ukitetemeka, moyo ukienda ovyo, nenda ukapimwe, hata kama kijijini kwenu kila mtu ana jina la hali hiyo. Usitulizwe na namba ya mkononi wakati kifua kinakwambia jingine.

Bado namezeshwa vidonge vya tezi na Kabula, ambaye haniamini. Uzito umerudi. Saa nimeiandika upya: haifuti pigo lolote. Zamani ilionyesha namba wakati wote. Sasa isipokuwa na uhakika inaandika "sijui", nami naenda kwa muuguzi anihesabie mapigo.