Mwanamume wa Dirishani

Kwenye duka moja la Etobicoke, Kanada, linalohamishia kanda za video kwenye kompyuta, nilikopeleka kanda yangu ya harusi, nilimkuta mzee wa Kigoa, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa ameleta juzi filamu ya zamani ya watu wazima, ya wanaume wapendanao.

"Sehemu za kitandani zitoe, mwanangu," alimwambia fundi, Mkenya mwenzetu. "Niachie hadithi, pale anapomngoja mwenzake."

Fundi akaicheza. Kwenye filamu, mwanamume mwenye masharubu akageuka pale dirishani, akauliza kwa Kiingereza, "Umerudi?"

"Nimerudi," mzee akanong'ona, kidole kikigusa kioo cha kompyuta.

Yule mwanamume akatabasamu.

Fundi aliacha kutafuna bigijii. "Jana niliitazama yote," akaniambia. "Hapo hakutabasamu."

Kanda yangu ya harusi nimerudi nayo nyumbani bila kuihamisha. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kuuliza sana.