Niliandika "Usifute", Kisha Nikafuta

Admin, tafadhali ficha jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja. Baada ya kidato cha nne nilijifunza ufundi wa simu, na huu ni mwaka wangu wa nane katika kibanda kimoja karibu na Soko la Burma, hapa Eastlands. Kila jioni huandika shajara, hata siku ikiwa ya kawaida. Kwa hiyo haya ninayowaeleza sikisii. Nimeyasoma upya leo asubuhi.

Jumatatu moja alikuja mzee mmoja, mstaafu wa reli. Nitamwita Baba Nekesa. Simu yake ilikuwa imeganda. Ukiiwasha inaonyesha nembo ya kampuni na kubaki hapo hapo. Alinipa kwa mikono miwili. Mkewe alifariki mwaka jana kwa saratani, na wiki zake za mwisho, aliposhindwa kushika kalamu, alijirekodi katika simu hiyo. Aliacha maneno kwa kila mtoto. Mzee alikuwa amemwahidi kwamba watoto wangeyasikia pamoja siku ya ibada ya kumbukumbu, mwaka ukitimia. Hata yeye mwenyewe hakuwa ameyasikiliza.

"Mama, simu ikifa sitalia," aliniambia. "Lakini zile sauti usiziguse."

Kisha akacheka kidogo. "Huyu kifungua mimba wangu, Nekesa, ana haraka. Juzi nimemkuta akibahatisha namba ya siri ili asikie yake. Nikamwambia, wewe hata kuzaliwa ulikuja kabla ya siku yako!"

Nilicheka pia. Nikaandika kwenye daftari la kazi kwa herufi kubwa: USIFUTE. KUNA SAUTI ZA MAREHEMU. Kwa kawaida onyo kama hilo huliandika pia kwenye kipande cha selotepu ya karatasi na kukibandika mgongoni mwa simu, kwa sababu fundi akiwa kazini hutazama simu, si daftari. Siku hiyo selotepu ilikuwa imeisha. Nikasema nitanunua mchana. Sikununua.

Kesho yake nilikuwa na simu sita mezani. Simu iliyoganda hivyo ina njia mbili. Unaweza kuiwekea programu upya bila kugusa vilivyomo, kazi ndefu ambayo wakati mwingine hukataa. Au unafuta kila kitu, na inawaka upesi. Wateja wengi hutaka iwake tu. Mkono wangu ulienda ulikozoea. Simu ilipowaka ikaniuliza nichague lugha, kama simu iliyotoka dukani, ndipo nikakumbuka. Nilijaribu kila njia ninayoijua ya kurejesha vilivyofutwa, mpaka Alhamisi. Sikupata hata sauti moja.

Mwenye kibanda, nitamwita Njoro, aliniona nikifuta machozi.

"Sistee, ukisema ni wewe, tumeisha. Hapa Burma story hutembea. Sema ilijifuta."

"Simu haijifuti hivi hivi, Njoro."

"Si ulisema msichana wake alikuwa anabahatisha pin? Basi, si ndiyo hiyo."

Ijumaa mzee alikuja amevaa koti, kama mtu anayekwenda hospitali kuchukua majibu. Nilimwambia kwamba kuna simu ambazo mtu akibahatisha namba ya siri mara nyingi, hujifuta zenyewe. Simu za namna hiyo zipo. Yake nilifuta mimi.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ni Nekesa?"

Nikajibu, "Inawezekana, baba."

"Asante kwa kuniambia ukweli, mama," akasema, akaiweka simu mfukoni polepole. Maneno hayo yako kwenye shajara yangu, na chini yake sikuandika kitu kingine siku hiyo.

Wiki mbili baadaye alikuja Nekesa mwenyewe. Ni mwalimu wa chekechea, umri wetu unakaribiana. Macho yalikuwa yamevimba.

"Dada, baba haongei na mimi. Nikimpikia chai anaiacha inapoa. Ndugu zangu wanasema nimemuua mama mara ya pili. Nilijaribu mara tatu tu, haki ya Mungu. Simu inaweza kujifuta kwa mara tatu?"

Njoro alikuwa nyuma yangu. Alikohoa. Nikasema, "Inategemea simu."

Nekesa aliinamisha kichwa kwenye kaunta yetu akalia bila sauti. Alipoinuka alisema, "Basi ni mimi." Nami nikamwacha aende.

Jana mzee alipita kibandani. Ibada ni Jumamosi hii. Nekesa ameambiwa asikae mbele na familia, wala asisimame kumzungumzia mama yake. Kisha mzee akanishika mkono. "Lakini wewe uje, mama. Wewe ulijaribu kutusaidia. Nitakuwekea kiti."

Njoro amenionya kwamba nikifungua mdomo nitafute kwingine pa kufanyia kazi, na mtoto wangu ananitegemea mimi peke yangu. Aliniambia pia niuchane ule ukurasa wa daftari. Niliuchana, lakini sikuutupa. Uko ndani ya shajara, na ile USIFUTE inasomeka vizuri kwa mwandiko wangu.

Sauti za yule mama sitaweza kuzirudisha. Nekesa hatasikia kamwe alichoachiwa, na hilo ni langu mpaka kufa. Lakini anabeba kosa ambalo si lake, na mimi nimewekewa kiti ambacho yeye amenyimwa. Nishaurini, ndugu zangu. Niende kwao na ukurasa huu kabla ya Jumamosi? Na mlango ukifunguliwa, nimwangukie nani kwanza, baba au Nekesa?