Pindo la Kanga ya Mama

Juzi hapa Utemini nilimwona kijana akizunguka gari lake, ufunguo ukiwa umefungiwa ndani. Mkewe alishuka kwenye bodaboda, akafungua pindo la kanga na kumpa ufunguo wa akiba. Nikamkumbuka Mama.

Naye aliutunza pindoni ufunguo wa akiba wa pikapu ya Baba. Mimi, mtoto wakati huo, niliamini gari haliondoki bila funguo zote mbili. Mchana mmoja kule kijijini kwetu Iguguno, Baba akijiandaa kurudi mjini, Mama alisinzia, kanga yake ikinuka moshi na alizeti. Nilifungua fundo polepole, nikautumbukiza ufunguo kwenye gunia la alizeti lililopakiwa nyuma ya pikapu, ili Baba abaki nasi.

Baba akaubamiza mlango wa pikapu, ufunguo wake ukabaki ndani.

“Mama Hamisi, lete ule wako.”

Mama alipapasa pindo. “Nilikuwa nao hapa, Baba Hamisi.”

“Hata kitu kidogo hivi unashindwa kutunza?”

Gunia lilikuwa mbele ya macho yangu. Niliinama, nikajifanya nautafuta ufunguo mchangani. Baba alivunja kioo kwa jiwe, akaondoka, bila kujua, na funguo zote mbili.

Tangu siku hiyo hakumwachia Mama ufunguo wowote, hata wa kabati. Mama alifariki akiamini ni yeye aliyeupoteza.